Dereva wa Mbele: Maisha ya Mzee Zakayo Mathenge Kinyua, 1953–2025

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Mama Wangechi na familia yote, majirani wa Chaka, na ninyi madereva mliosimama kule nyuma karibu na magari yenu ingawa viti viko tele, nawasalimu nyote. Mimi ni Ken Nderitu, mwalimu wa Kiswahili kule Karatina, na marehemu Mzee Zakayo Mathenge alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu mzazi, lakini nimemwita Baba kwa miaka ishirini na minane na leo sitabadilisha. Aliacha neno kwamba historia yake isomwe kwa Kiswahili, kwa sababu alisema hiyo ndiyo lugha ya barabara, na kwamba madereva aliofanya kazi nao ni wa kila kabila na hataki hata mmoja wao apitwe na neno.

Kabla sijaanza, naomba mfungue ile karatasi ya ratiba ukurasa wa tatu, pale palipoandikwa historia yake, halafu muifunge. Yaliyochapishwa pale ni ya kweli, lakini kuna sehemu iliyokatwa na kamati ya mazishi siku ya Jumanne, na mimi nilikuwa kwenye kamati hiyo, nikapinga, nikashindwa kwa kura saba kwa moja. Leo asubuhi Mama Wangechi aliniita jikoni, akafunga mlango kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa na unga, akaniambia, "Soma yote, na usisome mbio." Basi nitasoma yote, kutoka kwenye karatasi ambazo Baba alinitamkia nikaandika kwa mkono wangu, na yule atakayekasirika atanikasirikia mimi baada ya chakula.

Mzee Zakayo Mathenge Kinyua alizaliwa tarehe 4 Aprili 1953 upande wa Mathira, karibu na Karatina, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Kinyua na marehemu Wamucii, na miaka minane baadaye, mwaka wa 1961, akazaliwa mdogo wake Nderitu, ambaye ndiye baba yangu. Walikuwa wawili tu, na Baba alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Nderitu kutembea, kwa kumvuta kwa kamba ya gunia kutoka kwenye zizi hadi mlangoni. Mwaka wa 1964 familia ilihamia hapa Chaka, ilipopata shamba hili ambalo mmekanyaga nyasi zake leo, na hapa ndipo alipoishi hadi mwisho.

Alianza masomo Mathira mwaka wa 1961 na kuyamaliza katika shule ya msingi ya hapa Chaka mwaka wa 1968, alipofanya mtihani wa darasa la saba, hesabu akaiweza vizuri sana, Kiingereza kikampiga chenga, na hakuendelea. Aliwasaidia wazazi wake shambani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka wa 1973 akaanza kujifunza udereva mjini Nyeri, na hapo naomba mnisamehe, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyoanguka mtihani mara mbili, na mara zote mbili hakuangukia barabarani, aliangukia mezani. Aliangushwa na ule ubao uliochorwa mji, wenye vigari vya kuchezea, ambapo afisa anakuambia utoe gari lako hapa ulipeleke pale bila kuvunja sheria, na Baba akamjibu afisa kwamba yeye hana mpango wa kuendesha gari linaloingia mfukoni. Mara ya tatu alifunga mdomo, akasukuma kigari chake polepole, na tarehe 15 Agosti 1974 akapata leseni.

Kuanzia mwaka huo hadi 1989 aliendesha malori ya viazi na kabeji kutoka Kieni hadi soko la Wakulima kule Nairobi, na katika kazi hiyo ndipo alipofahamiana na Mzee Mugendi Nyaga wa Runyenjes, upande wa Embu, aliyekuwa akibeba ndizi. Walikutana Kenol, ambako malori ya pande zote husimama dereva ale na injini ipoe, na kwa miaka mingi, kila Jumanne na Ijumaa, wawili hawa walikula sahani moja, wakabishana kuhusu breki, na anayemtangulia mwenzake alimsubiri. Baba hakuwa na rafiki mwingine wa kiwango hicho, kabla yake wala baada yake.

Tarehe 16 Desemba 1978, siku ya Jumamosi, Mzee Mathenge alifunga ndoa na Sophia Wangechi, binti wa Karatina, na msimamizi wake siku hiyo, aliyesimama kando yake na suti ya kuazima, alikuwa Mugendi. Ile picha ya harusi bado iko sebuleni, nanyi mliopita pale asubuhi mmeiona, na mmeona pia kwamba upande wa kulia mtu mmoja amekatwa kwa mkasi, amebaki kiwiko tu. Sisi wadogo tulikuwa tukiuliza ni kiwiko cha nani, na tukiuliza tu, tunaambiwa twende tukachote maji, hata kama mitungi imejaa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Wamucii aliyezaliwa mwaka wa 1980, Kinyua mwaka wa 1983 na Wakiuru mwaka wa 1986, na wa nne akawa mimi, niliyezaliwa mwaka wa 1990, nikampoteza mama mwaka wa 1993 na kuletwa katika nyumba hii mwaka wa 1997 nikiwa na miaka saba, na begi moja, na kikohozi. Sijawahi kuambiwa katika nyumba hii kwamba mimi ni wa pembeni. Nikikosa nilichapwa kama Kinyua, nikifanya vizuri nilichinjiwa kuku kama Kinyua, na Kinyua, ambaye ndiye mwenyekiti wa ile kamati niliyoitaja, anajua kwamba ninampenda hata sasa anaponiangalia hivyo.

Mwaka wa 1989 Baba aliacha malori akaajiriwa na watu wa huduma za mazishi mjini Nyeri kuendesha gari la maiti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 2018, na ni katika kazi hiyo kuna jambo ambalo kamati imelifupisha, ikaandika kwamba mwaka wa 1997 familia ilimpoteza Nderitu katika ajali ya barabarani. Ni kweli, tulimpoteza. Sasa sikilizeni namna tulivyompoteza.

Tarehe 9 Agosti 1997, siku ya Jumamosi, familia ilikuwa ikimtoa shangazi yake Baba kutoka Kenol, alikokuwa akiishi, kuja kuzikwa hapa Chaka, na kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa na gari la maiti, yeye alikuwa mbele, na nyuma yake yakapangwa magari saba, yote yakiwa yamewasha hazadi, zile taa zinazomweka pande zote mbili, kama tunavyofanya hadi leo. Gari la saba lilikuwa pikapu ya Mugendi, aliyetoka Runyenjes alfajiri kwa hiari yake kumsaidia rafiki yake, akabebeshwa viti themanini vya kukodisha, na baba yangu Nderitu akaingia naye mbele ili wapige gumzo njiani. Maombi ya Kenol yalipangwa kuisha saa nne, lakini mnatujua sisi na maikrofoni, kila shemeji alitaka kusema machache, yakaisha saa sita na robo, na mchungaji wa huku alikuwa ametuma neno kwamba saa saba na nusu asipouona mwili anaenda zake, maana saa tisa alikuwa na mazishi mengine Narumoru.

Pale Kenol, mzee mmoja wa ukoo alisimama akaonya kwamba msafara wa maiti usikatwe na gari la mtu mwingine, ukikatwa ni mkosi, na Baba akapita dirisha kwa dirisha akimwambia kila dereva, "Nifuate, usiachwe, msafara usikatike." Alipofika kwa Mugendi alilirudia mara mbili kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kisha akapanda gari lake jepesi lenye jeneza moja, na akaondoka kwa kasi ambayo pikapu yenye viti themanini haiwezi, na alijua haiwezi, kwa sababu alikuwa ameendesha magari yenye mzigo miaka kumi na mitano.

Walipovuka Sagana na kuanza kupanda kuja Karatina, lori la mchanga liliingia kati ya gari la sita na la saba. Mugendi aliona zile taa za wenzake zikipotea kona moja baada ya nyingine, akakumbuka alivyoagizwa, akatoka kulipita lile lori mahali ambapo hakuona mbele, akakutana uso kwa uso na lori tupu lililokuwa likiteremka. Baba yangu alikufa pale pale, akiwa na miaka thelathini na sita, na Mugendi akavunjika nyonga, na mguu huo anauburuta hadi leo.

Baba hakujua. Alifika Chaka saa saba na dakika ishirini, dakika kumi kabla ya saa ya mchungaji, watu wakampa mkono, wakamwambia yeye ni dereva wa kweli, na ni baada ya kupewa hizo pongezi ndipo alipohesabu magari akapata sita. Aliniambia kwamba hakuwa amekitazama kioo cha nyuma tangu Sagana, hata mara moja. Wakiwa kwenye ubeti wa pili wa wimbo, kando ya kaburi la shangazi, nesi mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Nanyuki aliingia kwenye lango lile, akiuliza kama hapa ndipo kwa Kinyua, na mkononi alikuwa ameshika kitambulisho cha baba yangu.

Mwezi wa Februari 1998 Mugendi alisimama mahakamani, akakubali kwamba alilipita gari kwenye kona, lakini akasema msafara ulikuwa mbio sana na kwamba aliagizwa asiachwe. Hakimu akamuuliza Baba, aliyeitwa kama shahidi, alikuwa akienda kwa kasi gani, na Baba, akiwa ameshika Biblia, akajibu themanini. Madereva wengine wa ule msafara waliulizwa pia, wote watu wa ukoo wetu, na kila mmoja akasema themanini, na kuna wanne kati yao walioketi chini ya hema hili, sitawataja, wanajijua. Haikuwa themanini. Mugendi alifungwa miezi kumi na minane, akanyang'anywa leseni, nyanya yetu, Cucu Wamucii, akatoa mkasi kwenye kabati, na tangu siku hiyo katika boma hili jina lake likawa "yule Mwembu aliyemuua Nderitu," na mimi mwenyewe nimelisema hivyo, nikiwa mdogo na hata nikiwa mkubwa.

Baba alinyamaza, lakini hakuendesha tena gari jinsi alivyoliendesha, na hapa wengi wenu mnayajua kunishinda, kwa sababu ndiyo yaliyompa lile jina la Mzee Sitini, maana hakuzidi tena kilomita sitini kwa saa. Msafara wake haukuondoka mpaka awakusanye madereva wote, awaonyeshe njia ya kwenda nyumbani kwa marehemu, iliyochorwa kwenye karatasi, kila mmoja na nakala yake, aliyechora ni mimi na nililipwa kwa soda, na akiwapa karatasi aliwaambia kwamba sasa hakuna anayemfuata mtu, kila dereva ajipeleke mwenyewe, akikatwa akatike, tutaonana nyumbani. Aliwazimisha hazadi zote. Alisema gari linalomweka pande zote mbili limekufa ulimi, likitaka kukata kona halina namna ya kusema, na yule wa nyuma atajuaje. Watu walilalamika kwamba bila hazadi haionekani kama kuna msiba, naye akawaambia kwamba jeneza linaonekana vizuri tu.

Alisimama Kenol, akasimama Sagana, akasimama Karatina, akahesabu magari kwa kidole, na yasipotimia hasogei. Dereva aliyekesha kwenye maombi hakumruhusu kushika usukani, alimtoa kwenye kiti mwenyewe akampa mwingine funguo, na kama harufu ya pombe ilikuwepo basi hata mwenye gari aliketi nyuma na akina mama. Mkanda alikuwa akiukagua kwa kuuvuta, hadi mkanda wa askofu mmoja aliuvuta. Alipofundisha watu kuacha nafasi, hakusema habari za mita, alisema chagua mlingoti, gari la mbele likiupita anza kuhesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, ukiufikia kabla ya tatu wewe unaendesha gari la mwenzako. Na ukungu ukishuka pale Kiganjo, alishuka nao, wakati mwingine hadi thelathini, waombolezaji wakipiga honi nyuma kama harusi.

Alitukanwa, jamani. Mwaka wa 2006 familia moja ilimfukuza hapo Kenol, ikahamisha jeneza kwenye gari lingine mbele ya watu, naye akarudi Nyeri na gari tupu kwa sitini ile ile. Kijana mmoja wa Nairobi aliwahi kumwambia, "Mzee, kwa hii mwendo hata marehemu amechoka," na Baba akamjibu, "Marehemu hana haraka, mwenye haraka ni wewe na ile sahani ya mchele na minji inayokungoja." Kwa miaka ishirini na mmoja, hadi anastaafu, hakuna mtu aliyepoteza hata kucha katika msafara aliouongoza, na mkubwa wake alipotaka kumpa cheti kwa ajili hiyo, alikataa kwenda kukichukua, na sisi tukadhani ni unyenyekevu.

Mimi alinifundisha kuendesha mwaka wa 2011, kwenye kiwanja cha soko hapa Chaka siku ambazo si za soko, na wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kuwasha injini, nilikaa tu kwenye kiti cha dereva, yeye akisimama huku na kule nyuma ya gari, nami nimwambie kupitia vioo amesimama wapi. Nilimwona ni mzee msumbufu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, najua kila kitu.

Kuhusu ugonjwa wake, Baba aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka wa 2014, akakivumilia vizuri, hadi tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2025 alipopatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kulia, akalazwa hospitalini Nyeri kwa majuma matatu na kurudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Tarehe 14 Juni, siku ya Jumamosi, aliniita nimpeleke Runyenjes, akasema tu kwamba anataka kumwona mtu huko. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekwenda peke yake mara mbili, mwaka wa 2004 na wa 2016, akafika hadi kwenye njia ya kuingia kwa huyo mtu, akageuza gari akarudi.

Tulipoipita Karatina na kuteremka kuelekea Sagana, aliniomba niegeshe mahali penye nafasi, mbali na lami, akanionyesha ile kona kwa fimbo, na akaniambia yote niliyowasomea sasa hivi. Sitawadanganya mbele ya jeneza, nilikasirika. Nilishuka nikaufunga mlango kwa nguvu, nikatembea hadi sikuliona tena gari, nikafikiria kumwacha pale atafute usafiri wake, huyu mtu aliyenilipia shule, aliyenikalisha kando ya kitanda chake nilipoota baba yangu anaita, na kumbe muda wote alikuwa analijua hilo na mimi ninakula ugali wake. Niliporudi nikataka kuwasha gari twende, aliushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, akasema mtu mwenye hasira hashiki usukani, na tukakaa hapo karibu saa nzima kabla hajauachia mkono wangu. Hasira bado ninayo kidogo. Nafikiri tutakaa nayo, mimi na yeye, na mapenzi pia yatakaa.

Runyenjes, Mzee Mugendi alitukaribisha ndani, binti yake Wawira akaleta chai, na Baba akasema alichokwenda kusema, akilia, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. Mzee Mugendi alimsikiliza hadi mwisho, akamsukumia kikombe, akamwambia, "Kunywa, Mathenge, inapoa. Mimi nilikuwa najua. Si ni mimi nilikuwa naona taa zako zikienda? Wewe nenda uwaambie wale hawajui." Hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe, na sisi tukamaliza chai.

Kesho yake, Jumapili, Baba alinitamkia karatasi hizi, akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto, na akapanga kuuita ukoo wote tarehe 9 Agosti, siku ya kumbukumbu ya mdogo wake, awaambie kwa kinywa chake. Tarehe 2 Agosti, juma moja kabla, kiharusi cha pili kikachukua sauti yake. Alilazwa tena Nyeri, na kila nilipoingia kumwona alinyanyua vidole vyake kuelekea mfuko wa koti langu, akiuliza kama karatasi bado ninazo, nami nilizitoa nikamwonyesha, hadi tarehe 3 Septemba 2025, siku ya Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, Mama Sophia Wangechi, watoto wanne na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyeri waliomhudumia mara zote mbili, na hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimnyoa ndevu bila kuombwa. Tunawashukuru majirani wa Chaka kwa kuni, maziwa na sufuria, ambazo zitarudishwa kwa wenyewe, tafadhali andikeni majina chini. Tunawashukuru madereva wenzake waliomleta leo kutoka mochari kwa mwendo ambao yeye mwenyewe angeukubali, ingawa nimeambiwa kuna magari mawili yaliyowasha hazadi pale Kiganjo. Mtakaporudi makwenu, wa Nairobi, wa Meru, wa Embu, msingojane wala msifuatane, kila mtu aende na njia yake, anayesinzia alale hapa, vitanda vipo, na anayeona amechelewa akubali amechelewa.

Mzee Mugendi Nyaga yupo. Amekaa safu ya nne, mwenye kofia ya kijivu, kando ya binti yake Wawira, na wengi wenu mmempita asubuhi bila kumsalimia, wengine kwa kutomjua na wengine kwa kumjua. Mzee, naomba usimame kama mguu unakuruhusu, na ninyi wa ukoo wa Kinyua mgeuke mmtazame usoni, Kinyua, na wewe pia, tafadhali. Mimi ndiye mtoto wa pekee wa Nderitu, kama kuna mwenye haki ya kulizungumzia hili ni mimi, na hii ndiyo karatasi ya mwisho, ina mistari minne, na ninaisoma kama alivyoisema yeye.

"Mimi Zakayo Mathenge Kinyua niliapa nikasema themanini. Ilikuwa mia moja na kumi na tano. Mugendi alifanya vile mimi nilimwambia afanye. Dereva wa mbele nilikuwa mimi."

Baba, imesomwa mbele ya watu wako wote, na yeye amesimama, amesikia. Pumzika sasa.